Bei ya Kenya

Jumanne, Mbale

Jicho la kushoto limevimba, halifunguki. Mama Nambozo amenipiga na gorogoro langu mwenyewe, kopo ninalovuka nalo mpaka kila wiki kupimia maharagwe yake sokoni Nakaloke.

Dereva wangu ndiye aliyeniponza, mpumbavu yule. Amesimama mbele ya magunia akilalamika kwamba mkewe kule Bungoma ananunua gorogoro moja kwa mara mbili ya bei hii. Na mimi mwaka mzima nimekuwa nikimwambia Mama Nambozo kwamba Kenya bei imeanguka.

Damu imedondokea maharagwe. Ameyachota yale yenye damu, akayamwaga kwenye gunia langu. "Haya utalipa bei ya Kenya, bwana."

Nimelipa. Ningekuwa yeye, ningeshika panga.