Bata Asiyetajwa

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu utuache, na kadi yako bado ilikuwa mfukoni mwa lile koti la kijivu nyuma ya mlango. Mwaka mzima hakuna aliyethubutu kuitoa. Mdogo wangu amenipa kalamu nikuandikie kwa niaba ya wote, ati kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba. Ukweli ni kwamba yeye ni mvivu wa kuandika, na hilo unalijua kwa sababu ulimzaa mwenyewe.

Wasiokujua watauliza ni kadi gani. Kilikuwa kipande cha boksi la viatu, ulichokikata kwa mkasi na kulainisha kingo zake kwa msasa wa mwanao seremala, ambao hukumrudishia. Ukimkalisha mtoto na kitabu cha picha, ulifunika maneno kwa kadi hiyo. "Picha kwanza," ulisema. "Maneno hayakimbii." Mtoto aangalie, aseme anachokiona, aseme anachodhani, na akitaka kubisha abishe. Ndipo ulipoiondoa kadi mkasoma. Shule nzima ilikuita Mama Kadi, mpaka siku moja mwalimu mkuu akasimama mbele ya wazazi kukutambulisha, jina lako halisi likamtoka kabisa kichwani. Ulicheka wiki nzima.

Karibu maisha yako yote ya kazi ulikuwa mkutubi wa shule ya msingi, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mipira na madawati mabovu. Kilinukia gundi. Miwani yako ilifungwa kwa kamba ya kiatu, na kitabu kilichochanika ulikipa pole kwanza kabla ya kukibandika. "Pole, baba. Nani kakufanyia hivi?" Kitabu hakikujibu. Aliyejibu ni mtoto aliyekichana, ambaye alikuwa amesimama pembeni akijifanya anatafuta kitu kingine.

Wadogo walikupenda, na hilo si la ajabu, maana mtoto mdogo na picha ni chanda na pete. Waliokushughulisha hasa ni wakubwa, wale ambao sauti zimeanza kuvunjika na kila kitu kinawatia aibu. Hapo ndipo mtoto anaponyang'anywa vitabu vya picha. Mzazi anamwambia umekua, mwalimu anamwambia kuna mtihani, na wenzake wanamcheka. Wewe ulishikilia kwamba huo ndio umri wenyewe wa kuvirudia, kwa sababu sasa ana macho ya kuona aliyoyapita mbio alipokuwa mdogo. Ulikuwa king'ang'anizi, Mama. Tuseme tu ukweli.

Ulimwagiza mdogo wangu seremala aweke rafu ya vitabu hivyo juu, usawa wa macho ya wanafunzi wa madarasa ya mwisho. Akabisha. "Mama, vitabu vya watoto vinawekwa chini."

"Wewe tengeneza. Mtoto mkubwa akichuchumaa kwenye rafu ya wadogo watamcheka. Akisimama wima, nani atajua anachukua nini?"

Akatengeneza huku akinung'unika. Hadi leo anawaambia wateja wake kwamba ile ndiyo rafu pekee aliyoipiga randa huku akisimangwa.

Mwalimu mkuu naye hukuweza kumshawishi. "Mama Kadi, hawa wana mtihani. Picha za nini tena?" Ukamkalisha, ukampa chai na kitabu cha bata, ukafunika maneno. Akanywa chai yote, akatazama kurasa mbili, akakumbuka ana kikao. Lakini hakuigusa rafu yako, nawe hukumsumbua tena. Mkaishi hivyo kwa heshima.

Kitabu cha bata ndicho tulichokulia. Mzee anahama nyumba. Anapakia vitu vyake kwenye mkokoteni, anausukuma mtaa hadi mtaa, anafika anakokwenda. Kila ukurasa una sentensi moja tu, na hakuna hata moja inayomtaja bata. Lakini kwenye kila picha yumo, mara nyuma ya gurudumu, mara nyuma ya nguzo, anamfuata mzee taratibu. Ukurasa wa mwisho maneno yanasema: "Mzee akaingia katika nyumba yake mpya, peke yake." Na pale kizingitini, mguu mmoja ndani na mwingine nje, yupo bata.

Tukiwa wadogo tulimcheka bata, basi. "Umemwona bata?" uliuliza kila ukurasa, nasi tukapiga kelele kwamba tumemwona. Miaka ikapita. Siku moja nikaona kwamba kwenye mkokoteni wa mtu anayeishi peke yake kuna vikombe viwili. Nikakuuliza kwa nini. "Endelea kuangalia," ulisema, ukarudi kwenye gundi yako. Mdogo wangu ndiye aliyeziona kandambili za kike, zimefungwa pamoja na sufuria. Mimi nilikisoma tena nikiwa mtu mzima, mama wa mtoto, siku chache baada ya kumzika Baba. Ndipo nikaona kwenye ukuta wa ile nyumba ya zamani alama ya mraba, nyeupe kuliko ukuta wote, mahali palipokuwa pametundikwa picha ya mtu. Kitabu kilikuwa kilekile. Nililia pale jikoni, ukanipa kitambaa cha kufutia vyombo kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

Ulipohamia kwangu baada ya hapo, ulikuja na sanduku moja na kitabu hicho. Tukakuuliza vitu vingine viko wapi. "Nimekuja na mkokoteni tu," ulisema. "Bata nitampata hapahapa." Ukamtazama Chiriku.

Chiriku ni binti yangu, na jina hilo alilipata kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki. Wewe ulimwita "mke mwenzangu", kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu. Mligombana kila siku juu ya nani kati yenu alipendwa zaidi na Babu, na yeye akakwambia wazi kwamba wewe ulikuwa umeshachuja. Jioni, vyombo vikishaoshwa, mlikaa kwenye kochi na kadi na kitabu, nasi wengine tukakosa pa kukaa.

Kisha akaingia madarasa ya juu. Shule yake si ile yako, na rafu ya juu hawana. Siku moja alikibeba kitabu cha bata amwonyeshe rafiki yake, kikaonekana, darasa zima likamcheka, rafiki yake naye akiwemo. "Kumbe bado uko chekechea!" Alirudi nyumbani amenuna, akapanda kiti, akakisukumia kitabu juu ya kabati nyuma ya masanduku.

"Bibi, mimi nimekua," alisema. "Vile ni vya watoto."

Nilitegemea utampa mhadhara wa mwezi mzima. Ulisema tu, "Haya, mke mwenzangu. Bata anajua njia." Lakini jioni ile ulikaa kwenye kochi peke yako, ukiipigapiga kadi kwenye goti, na mlango wa chumba cha Chiriku ulikuwa umefungwa. Iliniuma sana. Nilitaka nikamtoe, ukanishika mkono. "Mwache. Akisoma kwa kulazimishwa atatuchukia wote wawili, mimi na bata." Ikawa hivyo jioni zote zilizofuata. Yeye alikuwa na aibu na wewe ulikuwa unangoja, na hakuna aliyejua nani aanze.

Mlikuwa bado katika hali hiyo kiharusi kilipokupata. Maneno hayakimbii, ulizoea kusema. Ya kwako yalikimbia asubuhi moja, kabla ya chai, pamoja na nguvu ya mkono wa kulia.

Hospitalini daktari alituambia unaelewa kila kitu ila huwezi kutamka. Tukakupa kalamu, mkono wa kushoto ukaikataa. Ndipo mdogo wangu akaenda shuleni kwako kuomba vitabu vya picha. Mwalimu mkuu hakuuliza picha za nini. Alijaza boksi kwa mikono yake mwenyewe, akalibeba mpaka getini. Kuanzia hapo ukawa unaongea nasi kwa kidole. Ukigusa kikombe, una kiu. Ukigusa blanketi, miguu imepata baridi.

Na hapa lazima niseme kisa cha dirisha, kwa sababu bila hicho hutatusamehe. Uliweka kidole kwenye picha ya chumba cha kulala. Sisi, wanao uliotuzoesha kuchungulia kila pembe ya picha, tukaanza kazi. Mimi nikaona konokono chini ya kitanda, nikasema unatuambia kwamba kupona kutakwenda polepole. Mdogo wangu akaona saa ya ukutani haina mishale, akasema unatuambia muda umekwisha, machozi yakamlengalenga. Tukabishana kwa kunong'ona, konokono, saa, konokono, saa. Muuguzi aliyekuwa akipita akatazama ukurasa, akatutazama sisi, akaenda kufungua dirisha. Ukashusha pumzi. Kisha ukacheka kwa upande mmoja wa uso, bega likitikisika. Ulikuwa unasikia joto tu, Mama. Ulitufundisha ukapitiliza.

Chiriku alikuwa akifika mlangoni mwa wodi na kuishia hapo. "Nitamwambia nini, na yeye hasemi?" aliniuliza. Nilijua hasa anachoogopa. Aliogopa kwamba utaondoka mkiwa hamjarudi kwenye kochi. Mimi pia niliogopa hilo, kuliko yote aliyoyasema daktari.

Alasiri moja akaja na mkoba wa shule. Akaingia moja kwa moja, akakaa upande wa mkono wako mzima, akatoa kitabu cha bata. Kilikuwa na vumbi la juu ya kabati, akalifuta kwa sketi ya shule. Kadi ilikuwa nyumbani, kwa hiyo akafunika maneno kwa kiganja. Akafungua ukurasa baada ya ukurasa bila kusema neno, yule Chiriku wetu. Alipofika kwenye mkokoteni akasita.

"Bibi, vikombe viwili."

Ukafumba macho, ukafumbua.

"Na viatu vya mwanamke. Kumbe alikuwa na mke." Akafikiri. "Basi bata alikuwa wa mkewe. Ndiyo maana hakumfukuza."

Nilikuwa mlangoni na chupa ya chai, na miaka yote ya kitabu hicho sikuwahi kuliwaza hilo. Sijui kama wewe uliwahi. Ulimtazama muda mrefu.

Kwenye ukurasa wa mwisho akaondoa kiganja, akasoma kwa sauti: "Mzee akaingia katika nyumba yake mpya, peke yake." Ukanyanyua kidole, ukakiweka juu ya bata. Hukukiondoa. Chiriku akalaza kichwa chake karibu na mkono wako, nami nikarudi koridoni kwa sababu nilikuwa nalia.

Ulituacha siku chache baadaye, mchana, dirisha likiwa wazi.

Kidole kile tumekibishania mwaka mzima. Mdogo wangu anasema ulitaka tujue kwamba huendi peke yako, Baba yuko huko anakungoja. Mimi nasema ulikuwa unamwambia Chiriku kwamba yeye ndiye bata wako, alikufuata kutoka nyumba ya zamani hadi kizingiti cha mwisho. Tumegombana mpaka chakula kikapoa. Chiriku alikuwa akituacha tu. Juzi, tulipokaa kupanga maneno ya kumbukumbu hii, ndipo alipochoka nasi.

"Nyinyi na pembe zenu," alisema. "Bibi alikuwa ananiuliza kama nimemwona bata."

Kitabu hakijarudi juu ya kabati. Kiko kwenye rafu chumbani kwake, usawa wa macho yake, katikati ya vitabu vya mtihani, na rafiki yake aliyemcheka ameshakiazima. Asubuhi ya leo nimeitoa kadi kwenye koti nikampa. Anaanza kumsomea mtoto wa mjomba wake.

Unakumbukwa na mimi kifungua mimba wako, mdogo wangu seremala na mkewe, ambao bado wanadai msasa wao, mke mwenzako Chiriku na wajukuu wengine wote, dada zako, majirani wa mtaa wa zamani na wa mpya, mwalimu mkuu, ambaye rafu yako ameiacha palepale ulipoiweka, na watoto wakubwa waliosimama wima mbele ya rafu hiyo.

Siku zote tutakukumbuka, Mama. Na ndiyo, tumemwona.