Beseni la Mboga ya Majini

Betafo, 4 Mei 1998

Mjukuu wangu Voahirana,

Hujambo? Mtoto naye? Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Anaandika mke wa katekista. Mimi nasema, na nimemkataza kuyapamba maneno yangu.

Rasoa atakupa barua hii ndani ya fungu la mboga ya majini, maana huyo mama mkwe wako hafungui geti ila kwa muuza mboga. Mashina yenye mizizi usiyapike. Yatie kwenye beseni, ubadilishe maji kila asubuhi. Siku ya kupika, nyama na tangawizi zitangulie, mboga iingie mwisho, ichemke vizuri. Ule ukinikumbuka.

Bibi yako


Antsirabe, 21 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mboga imejaa beseni, kijani hata naionea wivu. Mama mkwe amekula, akasema kumbe nina faida. Kisha akamwambia Rasoa asigonge tena, mboga tunayo. Sasa geti halifunguliwi.

Rivo akirudi kutoka machimboni ananipiga, mama yake anaongeza sauti ya redio. Kanisani tunakwenda, lakini mtoto anabaki ndani na mtumishi, ili nisithubutu kukimbia. Barua hii naiacha kitini. Rasoa anakaa nyuma yangu.

Mjukuu wako


Betafo, 29 Juni

Mjukuu wangu,

Mimi mzima, goti liache. Hii Rasoa atakupitishia kanisani. Kumbe nimekufungia geti kwa mkono wangu mwenyewe.

Usibadilishe maji tena. Beseni lisogeze juani, mboga ioze. Ukitukanwa, sema huna mkono wa kupanda. Yule mama wali haumpiti kooni bila mchuzi huo. Atamwita Rasoa mwenyewe. Geti likifunguliwa, mtoto awe mgongoni.

Kwetu mke aliyeumizwa hurudi kwao, na mume humfuata na wazee wake kuomba radhi. Waje. Nitawapa viti, nitawasikiliza mpaka wachoke. Jibu langu ninalo tayari.

Bibi yako


Antsirabe, 12 Julai

Bibi,

Shikamoo. Sisi wazima. Beseni linanuka. Mama mkwe amenitukana mpaka sauti imemkauka, kisha akaagiza Rasoa apite Jumanne. Nimemzoesha mtoto kukaa mgongoni bila kulia.

Barua hii usiijibu. Injika chungu kikubwa.

Mjukuu wako