Bahasha ya Macho ya Mama

Baba,

Magimbi yako sufuriani. Mtilie Mama dawa ya macho saa nane, tafadhali usisahau.

Asubuhi kanisani, shemasi aliposoma sadaka za fedha za wenzetu, "Familia ya Fuimaono, tala mia nne," ulibadilika uso. Sisi tulikubaliana kutoa mia mbili! Ukaongeza na ile bahasha ya fedha za upasuaji wa macho ya Mama, ili jina letu lisomwe na mia tano. Nilipokushika mkono ukanong'ona, "Niache! Unataka tuchekwe?"

Makofi yalipolia, Mama akaniuliza, "Wanampigia nani, mwanangu?"

~~Sirudi tena hapo.~~ Nitarudi jioni. Nimekwenda kwa mchungaji kuomba bahasha irudishwe. Mimi ninayeona haya hata kuomba chumvi kwa jirani, leo nitaomba mbele ya wazee wote wa kanisa.

Binti yako,
Sinalei