Kamba Wamekufa Mara Tatu, na Jirani Yangu Haji Tena

Mama Zulfa wa kipindi cha redio, salamu nyingi. Sauti yako ni ya mtu mdogo kwangu kwa hiyo sikuamkii, utaniamkia wewe ukijibu. Naomba unisaidie, maana hili jambo limenikaa kifuani tangu Pasaka na sasa ni mwezi wa nane, na sina wa kumweleza, aliyekuwa wa kuelezwa ndiye huyo huyo ninayeandika habari zake. Majina yataje tu, huku kwetu kila mtu anajua.

Mimi ni Marieta, mjane wa miaka sitini na tatu, naishi Endasak. Mume wangu Hhando alifariki mwaka wa sita huu, watoto wametoka nyumbani wote, nimebaki na ng'ombe watatu. Mwaka jana mwanangu Tadei, anayefunga umeme wa sola Dodoma, alikuja akanikuta nimekaa kwenye kochi, akaniuliza mama unaangalia nini, nikamwambia naangalia ukuta. Safari iliyofuata akaja na tangi la kioo la kufugia samaki, akaliweka mezani, akafunga kimashine cha kupuliza hewa, akatia samaki wadogo kumi na wawili wenye mikia ya rangi rangi kama kitenge, na kamba wekundu kumi, nasema kamba wale wa majini wenye miguu mingi, maana hapa ukitaja kamba watu wanafikiria ya kufungia ndama. Akasema mama, angalia hiki badala ya ukuta.

Nilipenda, sitaki kudanganya. Lakini aliyependa zaidi ni jirani yangu Philomena, ananizidi miaka mitatu, mjane kama mimi, mashamba yetu yamepakana miaka thelathini na hatujawahi kugombania mpaka. Tangu tangi lije alikuwa anakuja kila siku alasiri na ungo wake wa maharage, anakaa upande wa dirishani, tunachambua maharage huku tunawaangalia. Yule kamba mnene aliyekuwa akila huku anainama inama akampa jina Katekista, na samaki aliyekuwa akimfukuza mwenzake kutwa akamwita Mwenyekiti, tulicheka mpaka siku moja nikamwaga ungo mzima sakafuni tukaanza upya.

Basi baada ya wiki chache kamba wakafa wote siku moja. Tadei akaleta wengine wanane, nao wakafa. Pasaka akaleta sita, wakafa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Nilimpigia akasema labda samaki wanawala, nikamwambia mwanangu, mtu akila kuku anaacha kuku mzima? Walikuwa wamelala chini wazima, hata mguu haukupungua, wamekuwa weupe weupe kama waliochemshwa. Samaki hawakufa, siku hiyo walipanda juu wakawa wanahema mdomo wazi, kesho yake wakawa wazima. Na mimi si mchafu, ndoo yangu ni moja na haiguswi na mtu, kila wiki ya tatu, Jumamosi, nakorogea dawa ya kupe nawapulizia ng'ombe mwenyewe kwa bomba la mgongoni, nikimaliza naisuuza mara mbili kwa maji mengi, ndipo nabadilisha maji ya samaki ili Jumapili tukitoka kanisani mgeni akute kioo kinang'aa, kwa hiyo hakuna wa kuniambia ni uchafu.

Ndipo nikaanza kufikiri. Nikakumbuka Jumamosi ile, wakati mimi niko zizini, Philomena alikuwa ndani peke yake na tangi, na niliporudi akasema, "Hawa wamependeza jamani, wangekuwa wangu hata shambani nisingeenda." Jioni wakafa. Nikahesabu nyuma nikaona mara zote tatu Philomena alikuwepo. Sikumuuliza. Alhamisi tulikuwa na sala za jumuiya ya kanisa nyumbani kwa mwenzetu Monica, ulipofika wakati wa kutoa nia nikasimama nikasema, tumwombe Mungu aliondoe jicho baya linaloingia kwenye nyumba za wajane. Watu wakaitikia, ee Bwana utusikie. Hata yeye aliitikia, halafu nikaona amenitazama, na watu wamemtazama yeye. Akakunja kanga yake, akachukua kigoda chake, akatoka.

Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu. Tukikutana bombani namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba akiangalia ndoo. Monica aliniambia kuna nyumba mbili hazimpi tena mtoto mchanga amshike. Mimi nimebaki na tangi, naangalia samaki, sijui nacheka nini peke yangu. Maharage nachambua vibaya, juzi nimetafuna jiwe. Tadei anataka kuleta kamba wengine Krismasi nimemkatalia, maana nitawaangalia na nani? Na sasa nasikia Hilda, binti yake Philomena, anakuja mwisho wa mwezi huu kumhamishia Katesh akakae naye moja kwa moja, wakishapura maharage.

Naomba uniambie mambo mawili. Je, kuna namna ya kufuga kamba na samaki pamoja wasife? Na je, jicho la mtu linaweza kupita kwenye kioo?

Ni mimi Marieta, Endasak.

*

Mama Marieta, shikamoo. Nimekuamkia mapema ili nikianza kugomba usiseme sikulelewa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu, na nikapiga mstari chini ya neno ndoo. Mimi nimekulia Dongobesh. Baba yangu, mzee Abdulswamad, aliuza dawa za mifugo, na ndoo ya kukorogea dawa ya kupe nyumbani kwetu ilipakwa rangi nyekundu, ilikaa nje ya uzio, na aliyeichotea maji ya matumizi mengine alichapwa bila kuulizwa sababu. Mama yangu, ile dawa imetengenezwa kumwangusha mdudu mwenye miguu minane aliyejificha sikioni kwa ng'ombe. Kamba naye ni mdudu wa majini, ana magamba na vimiguu, ni ukoo mmoja na kupe. Tone lililobaki kwenye ufa wa ndoo linamtosha. Samaki wako walilewa wakahema, wakapona kwa bahati. Kamba hawakupona. Nimemuuliza bwana mmoja wa uvuvi nikamsomea barua yako, nilipofika kwenye Jumamosi hakutaka hata nimalizie.

Umeuliza kama jicho linapita kwenye kioo. Mimi hilo silijui. Najua dawa ya kupe inapita kwenye ndoo iliyosuuzwa mara mbili.

Unasema mara zote tatu Philomena alikuwepo. Mama, si umeandika mwenyewe kwamba alikuwa anakuja kila siku? Angekosaje kuwepo? Hata ng'ombe wako walikuwepo, mbona hukuwaombea? Mimi ni Mwislamu, taratibu za jumuiya yenu sizijui vizuri, lakini dua iliyolengwa kwenye kichwa cha mtu naijua, kila dini inayo, na ni dhambi kila mahali. Ungemtukana bombani angekutukana mkagombana mkapatana. Wewe umemfunga mdomo kwa sala. Angejibu nini? Mpaka naye ameitikia! Mwanamke wa miaka sitini na sita ananyimwa kushika mtoto mchanga kwa sababu ya ndoo yako.

Sasa nikupe pole, maana pole unastahili. Naelewa kwa nini ulimshika yeye. Mwenye watu kumi nyumbani akipatwa na jambo anagawa lawama kwa watu kumi, kila mmoja anapata kidogo na inaisha. Wewe ulikuwa na mmoja tu, akapata zote. Upweke unafanya hivyo, unamla yule yule aliyekuja kuupunguza. Nimelia kidogo hapo kwenye jiwe la maharage, sikufichi.

Swali la kwanza nalijibu, maana umeuliza kwa adabu. Kamba na samaki wanakaa pamoja vizuri kabisa, mradi samaki wawe wadogo kama wako. Perege usitie, atawala. Watoto wa kamba samaki watawameza, kwa hiyo jaza majani ya majini na mawe yenye uwazi wapate pa kujificha. Maji usimwage yote, toa robo tu, na uweke mengine yaliyolala siku moja kwenye chombo. Lakini kwanza tangi hilo limeshakula sumu. Hamisha samaki, osha kioo, tupa changarawe na sifongo ya kile kimashine, ununue nyingine, na kamba wasiingie mpaka miezi miwili ipite. Ndoo ya samaki iwe mpya na isijue zizi liko wapi. Siku ya dawa usiguse tangi kabisa, usafi fanya Jumatano. Na uvae glovu, mama, hiyo dawa haichagui ngozi.

Sasa lililo kubwa zaidi, na hili si ushauri, ni amri ya mtoto kwa mama yake. Nenda kwa Philomena. Kama naye anasikiliza muda huu, namwomba asikusamehe kupitia kwangu, maana anastahili kufuatwa mlangoni kwake. Usimtume Monica. Usimpigie Tadei akuombee. Usibebe zawadi, usije ukaonekana umekuja kununua. Mwamkie, umwambie hivi: "Nilikusingizia mbele za watu, na mimi ndiye niliyewaua wale kamba kwa mikono yangu." Usiweke "lakini" hapo. Ukiweka "lakini" afadhali ungebaki nyumbani.

Halafu Alhamisi, kwenye jumuiya, simama wakati ule ule wa nia, useme jina lake na useme kosa lako, kwa sauti ile ile uliyotumia siku ile. Walioitikia lile waitikie na hili. Usipofanya hivyo, msamaha wa mlangoni utabaki wa mlangoni, na watoto wachanga wataendelea kufichwa.

Anaweza asikukaribishe. Anaweza akusamehe na bado akaenda Katesh, kwa Hilda ni kwa mtoto wake, wala usimzuie. Lakini kuna tofauti ya mtu anayehama na mtu aliyefukuzwa, na tofauti hiyo unayo wewe mpaka mwisho wa mwezi tu. Kitanda kikishapakiwa kwenye gari, mimi hapa sina dawa yako.

Kipindi bado kina nusu saa, kuna barua ya kijana wa Hirbadaw kuhusu posa. Haikuhusu. Zima redio, mama, uende.