Mvinyo wa Chile Katika Chungu cha Baba

Kitale, 12 Agosti 2006

Kaka Wekoye,

Huku mahindi yamebeba vizuri, na Mama anakusalimu. Ile chupa ya mvinyo mweupe wa Chile uliyomtumia Baba kutoka Bungoma ilifika. Gurmeet wa dukani alicheka, ati ni ule wa bei rahisi, lakini ukinywewa baridi si mbaya. Baridi? Baba aliumimina kwenye chungu, akaongeza maji moto kama pombe yake ya busaa, akatia mrija wake. Si unajua hapa hakuna harusi inayonywa busaa kabla yeye hajaionja na kutoa hukumu. Tukangoja. Alivuta, akanitazama usoni kama mtu anayetafuta jibu.

"Mtamu," akasema. "Kama asali."

Nikauonja. Ulikuwa mchachu kuliko ndimu.

Daktari alituonya, Kaka, kwamba dawa za koo anazotumia Baba zitamwulia ladha. Sijui ameficha tangu lini.

Leo wamemletea busaa ya harusi ya binti wa Wamalwa aihukumu. Amevaa koti tangu asubuhi na watu wamekaa wanamngoja. Mimi nimekimbilia jikoni kukuandikia, maana akinitazama tena sijui nimwonyeshe uso gani.

Dada yako anayeitwa sasa hivi,
Nakhumicha