Duara la Manjano la Mama Adolphine

Roma, 4 Februari 2014

Tonton Floribert, mjomba wangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi. Magoti yanasemaje? Mimi mzima.

Mwezi ujao wachunguzi wa Kanisa watafika Nyantende kwa ajili ya Mama Adolphine, aliyeanzisha shirika letu la masista pamoja na Padri Ezéchiel. Wakikuta watu wanamheshimu hadharani kama mtakatifu kabla Kanisa halijasema, kila kitu kitasimama. Tonton, ule mchoro wake uliouchora ukutani mwa kapela bado una lile duara la manjano kichwani, alama ya watakatifu?

Mtoto wako,
Sista Olive

Nyantende, 20 Februari 2014

Mutoto wangu Olive,

Magoti yanalalamika, ila kilima yanapanda.

Duara lilikuwepo. Mimi, katekista wa miaka arobaini, ninayefundisha sheria hiyo, ndiye niliyelichora. Nilipofika kichwani nilimkumbuka akinifundisha kusoma, akiandika herufi kwa mkaa kwenye mlango wa jiko, na mkono ukanishinda.

Jumapili niliwaeleza watu polepole: duara ni neno la Kanisa, nasi tumelisema kabla ya zamu yetu. Upendo wetu unaweza kumfungia mama njia. Kisha nikalifuta kwa rangi ya buluu mbele yao. Wamama walilia. Maman Cibalonza akapaza sauti: “Floribert, sasa iko sawa na maman wa soko!”

Nikamjibu: “Na alikuwa nani? Si alikuwa anauza mihogo ili mupate madaftari?”

Akacheka huku analia. Lakini sasa ananisalimu hivi: “Jambo, Papa Mufutaji.”

Tonton wako,
Floribert

Roma, 15 Oktoba 2023

Tonton,

Uko mzima? Keti kwanza. Leo Baba Mtakatifu amemtangaza: Mtakatifu Adolphine! Nimepiga vigelegele uwanjani mbele ya kanisa kuu mpaka mlinzi akanigeukia. Chukua brashi!

Mtoto wako,
Olive

Nyantende, 2 Novemba 2023

Mutoto wangu,

Sote wazima, sauti tu zimekauka kwa kuimba.

Nilikwenda kwenye kapela na kopo langu la rangi, nikawakuta wamama wamenitangulia. Miaka ile alipotangazwa mwenyeheri, ngazi ya mwisho kabla ya utakatifu, walitaka kulipaka duara; niliwaambia mwenyeheri hupewa miali ya mwanga tu, duara lingoje. Safari hii hawakuniuliza. Magoti yalikataa kupanda benchi, basi Maman Cibalonza akapanda, nami nikamshikia kopo. Kila mama alipaka kidogo.

Duara limepinda upande wa kushoto. Nilitaka kulinyoosha, nikaacha: ndivyo kitambaa chake cha kichwa kilivyokaa kila alipokifunga mbio kuwahi soko.

Cibalonza alishuka, mikono yote manjano, akanipa mkono. “Jambo, Papa Katekista.”

Tonton wako,
Floribert