Pikapu au Gari la Boksi

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Wewe, wifi na watoto hamjambo? Na kile kikohozi, kimekuachia au bado unakibembeleza? Sisi ni wazima. Mama anakusalimu na kukununia kwa wakati mmoja, maana anasema umemsahau. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba hii ukinong'ona chumbani unajibiwa kutoka jikoni.

Ulitaka nikueleze magari mawili tuliyokagua, Baba apate la kusambazia samani za karakana, maana lile la zamani lilikufa mwaka jana na halifufuki.

Pikapu ni ya fundi mwashi. Ni ya dizeli, gia za mkono, na ukiiwasha asubuhi inafuka moshi kama jiko la kuni mbichi. Chini ya milango kutu imekula mpaka unaona barabara. Lakini injini ni nzima, na kabati linasimama wima nyuma bila kufunguliwa hata skrubu moja. Mvua ikinyesha, ndiyo hivyo tena, utafunika turubai na kumwomba Mungu.

Gari la boksi ni la mwalimu mstaafu, ambaye amelitunza hadi viti bado vina nailoni. Ni la petroli, gia otomatiki, mlango wa kuburuza. Makochi hayaloi. Ila linakunywa mafuta bila aibu, mlimani linajivuta, na kabati litaingia likilazwa tu.

Baba aliyakagua kwa namna yake. Alipapasa bodi ya pikapu mpaka akagusa mahali palipozibwa na kupakwa rangi upya, mwashi mwenyewe akacheka kwa haya. Alinusa oili, akategea injini sikio. Kilomita akaniambia nisome mimi, nijifunze. Nilijivuna kweli, nikasema mzee bado yumo. Njia nzima ya kwenda kwa mwalimu alikuwa akiisifu pikapu.

Mwalimu alipompa ufunguo ajaribu gari lake, Baba alinikabidhi mimi, akisema gia ataisikiliza vizuri akiwa pembeni. Nikaendesha. Mbele yetu lori lilikuwa limesimama, jekundu, limeziba nusu ya barabara, nikapunguza mwendo. Baba akaniuliza mbona nasimama na njia ni nyeupe.

Nikaegesha kando. Ndipo akasema, "Chagua utakaloliweza wewe, mwanangu. Mimi ni abiria sasa."

Kaka, Baba haoni. Jicho moja limekwisha, la pili linaona mwanga tu, na daktari amemwambia hakuna la kufanya. Mama alijua. Nililia palepale kwenye usukani, naye akaniambia nizime indiketa, inamkera.

Nimechukua la boksi, kwa sababu klachi mlimani sina ubavu nayo. Kazi ya dukani naiacha mwisho wa mwezi. Nitaendesha mimi, yeye atakaa pembeni. Amenikataza nisikwambie, lakini sikutaka umsubiri aje kwako akiendesha mwenyewe. Roho inaniuma sana.

Tangu jana amenuna, anasema nimeacha gari nikanunua kabati lenye magurudumu. Ukimpigia, tafadhali usimpe pole. Muulize kwa nini pikapu ilikuwa bora, umwache aeleze mpaka achoke.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu mmoja mmoja.

Mdogo wako,
dereva wa Baba